Ngano na Kisa: Milango Miwili ya Nyumba Moja



Neno ninalotaka kuzungumza nanyi leo ni dogo kwa kulitazama, nalo ni ngano: zile hadithi za usiku ambazo bibi zetu walitusimulia tungali wadogo, tumelala mkekani vichwa vimegusana. Si neno la siasa wala la biashara. Lakini mimi naliona kubwa, kwani katika nyumba zetu nyingi za pwani, tangu Lamu mpaka Kilwa, mlango huu unafungwa, na kila anayeufunga hudhani anafanya jema.

Wako wanaoufunga kwa kuogopa dhambi. Husema: sungura hasemi, papa hana sultani, na zimwi hatujapata kumwona, basi kumsimulia mtoto mambo hayo ni kumwambia uongo, na uongo ni haramu. Na wako wanaoufunga bila ya kujua kuwa wanaufunga. Jioni mtoto hupewa simu aishike anyamaze, mama apate kumaliza kazi zake. Huyu wa kwanza amenyamaza kwa hofu ya Mungu, na yule wa pili amenyamaza kwa uchovu, na mtoto hakupata hadithi kwa mmoja wao.

Mimi ni mwanamke mtu mzima wa Unguja. Nimesomesha watoto chuoni kwa miaka mingi, alifu na bee mpaka kukhitimu, na leo wajukuu zangu wamepindukia kumi. Mchana nimeshika msahafu na usiku nimekalia mkeka wa ngano, na katika umri wangu wote sijaona kimoja kikimdhulumu mwenziwe. Nataka nieleze kwa nini, na kwa sharti gani, maana sharti lipo.

JE, NGANO NI UONGO?

Tuanze na hao wanaoogopa dhambi, kwani hofu yao ni ya heshima na haifai kuchekwa. Imepokewa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuonya vikali mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Na imepokewa tena na Abu Daud habari ya mama mmoja aliyemwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume alikuwapo, akamuuliza alikusudia kumpa nini. Mama akajibu kuwa alitaka kumpa tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uongo mmoja.

Wazazi wenzangu, habari hii ni nzito. Mtoto mdogo wa kuitwa kwa tende naye ana haki ya kutodanganywa! Basi hapa hatuna njia ya kusema kwamba uongo kwa mtoto ni mchezo.

Lakini tuutazame uongo wenyewe ni kitu gani. Uongo ni kumfanya mwenzio aamini jambo ambalo wewe wajua silo. Mama yule angalimwita mwanawe bila ya kuwa na tende, mtoto angekuja mbio akiamini, kisha akakuta mkono mtupu. Hapo pana mwenye kudanganya na mwenye kudanganywa. Sasa itazameni ngano. Msimuliaji haanzi mpaka aseme, “Paukwa!” Na watoto hawasikilizi mpaka waitike, “Pakawa!” Neno hilo na jibu lake ni kama ijabu na kabuli katika mauzo: pande mbili zimekubaliana. Msimuliaji ametangaza kuwa anaingia katika mithali, na wasikilizaji wameridhia kuingia pamoja naye. Hakuna aliyedanganywa. Sijapata kumwona mtoto wa miaka mitano akaenda pwani asubuhi kumtafuta papa wa kuzungumza naye.

Wala hoja hii si yangu mimi mwanamke wa mkekani. Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, mwenye Makamati ambayo wasomi wa Kiarabu huyasoma mpaka leo, aliitaja katika utangulizi wa kitabu chake. Alikuwa ametunga visa vya watu wasiokuwapo, akajua kuwa watatokea wa kumlaumu, akawauliza kwani ni nani aliyepata kuwahesabia dhambi wale waliosimulia mithali za wanyama na vitu visivyo na roho. Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi ndefu ya Umm Zar': Bibi Aisha alimsimulia Mtume habari za wanawake kumi na moja walioketi wakaelezana habari za waume zao, mmoja baada ya mmoja, mpaka wa mwisho wao. Mtume hakumkata kauli. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa upole kwa kujifananisha na mume wa huyo Umm Zar' katika mapenzi yake. Mimi nikikumbuka hayo husema: nyumba ile iliyokuwa na kazi kubwa kuliko nyumba zote duniani, ilipata wasaa wa hadithi.

MTOTO ALIPOULIZA HABARI ZA NABII YUNUS

Hapa sasa ndipo penye sharti nililolitaja, na nililijua kwa swali la mtoto.

Usiku mmoja nilikuwa nikiwasimulia wajukuu ngano ya kima na papa. Wengi wenu mnaijua. Kima alikuwa akikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akimtupia papa matunda, wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akampandisha mgongoni. Walipofika katikati ya maji papa akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akasema, masikini, mbona hukunambia mapema? Sisi makima tukitembea mioyo yetu huiacha mtini. Papa akageuka kumrudisha akauchukue, na kima alipofika mtini hakushuka tena.

Watoto wakacheka. Lakini mmoja, kijana wa miaka sita, hakucheka. Alikuwa amekunja uso akifikiri, kisha akauliza, “Bibi, huyu papa ndiye yule samaki aliyemmeza Nabii Yunus?”

Nikamwambia, “La, mjukuu wangu. Yule wa Nabii Yunus ni kweli, huyu ni wa ngano.”

“Sasa mimi nitajuaje?” akaniuliza.

Wallahi swali lile ni la mwanachuoni. Mtoto hakukosea, alikuwa anataka mizani. Maana anasikia kwa mdomo ule ule wa bibi kwamba chungu alisema na Nabii Suleiman alimfahamu, na hud-hud alileta habari kutoka Sabaa, na samaki alimmeza Nabii Yunus akamtema ufukweni. Na anasikia pia kuwa sungura alimhadaa simba. Yote yana wanyama, yote yana ajabu. Asipoonyeshwa tofauti, moja katika mawili litatokea: ama aamini kuwa sungura naye ni wa Kurani, ama atakapokua na kumcheka sungura amcheke na chungu wa Nabii Suleiman pamoja naye. Hili la pili ndilo la kuogopwa, na nimeona vijana waliofikia huko.

Tangu usiku ule nyumba yetu ina milango miwili. Kisa cha Mitume huingia kwa Bismillahi. Nakisimulia mchana baada ya Alasiri, msahafu upo mbele yetu, na mtoto mkubwa hutafuta sura yenyewe kwa kidole: Yusuf, al-Kahf, an-Naml, as-Saffat. Kisa hakiongezwi chumvi. Kama Mwenyezi Mungu hakututajia rangi ya mbwa wa watu wa pangoni, nami siitaji, hata mtoto akiniuliza mara tatu. Ngano huingia kwa Paukwa, usiku, na yenyewe ni ruhusa kuipamba: papa akawa na masharubu, kima akavaa kofia ya viua, hapana lawama. Mtoto wa miaka mitatu hafahamu ukieleza tofauti ya wahyi na mithali, lakini mlango anaujua. Yule kijana aliyeniuliza, baada ya wiki mbili alikuwa yeye ndiye anayewasahihisha wenziwe: “Nyamaza wewe, hiki ni kisa, hapa hapana Paukwa!”

Na wakati wa ngano kwetu ni baina ya Magharibi na Isha, maana Mtume hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Adhana ya Isha ikilia, ngano hukatwa hata kama sungura yumo mdomoni mwa simba. Watoto hulalamika sana. Lakini kesho yake huja mapema, na hakuna anayehitaji kuitwa.

NGANO HUBADILI KANZU

Pana watu watakaoniuliza: je, ni halali kuzibadili ngano za wazee? Si ni amana?

Nitawajibu kwa ngano hiyo hiyo ya kima na papa. Ngano hii si ya jana wala haikuzaliwa Forodhani. Ilikuwamo katika kitabu cha kale cha Kihindi, na huko kima alikuwa na mamba. Kutoka huko ikafika Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Mukaffa' akakitia kitabu hicho katika Kiarabu, nacho ndicho Kalila wa Dimna. Humo rafiki wa kima ni kobe. Ilipofika kwetu, bibi zetu walitazama bahari yao wakaona papa. Nao hawakumpa kima mti wa ugenini, walimpa mkuyu. Hata ile ngano ya ndani yake, ya punda wa dobi aliyeambiwa kuwa hana moyo wala masikio, imo kule Kalila wa Dimna na imo kwetu vile vile, ila kule yupo bweha na huku yupo sungura.

Basi wazee wenyewe walibadili, na walijua wanachokibadili. Kanzu ilibadilishwa, mifupa haikuguswa: katika nchi zote hizo urafiki umesalitiwa kwa ajili ya kumpendeza mkubwa, na mnyonge ameokoka kwa akili yake. Anayemsimulia mtoto wa leo ana haki kama waliyokuwa nayo wao. Ukipenda, papa amwalike kima kwa simu. Lakini ukisema papa hakuwa na nia mbaya, walitaka kucheza tu, hapo umeua ngano, na kilichobaki mkononi mwako ni ngozi.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi nawaona wazazi wapole wanaotaka kila ngano imalizikie kwa kukumbatiana. Binti yangu mwenyewe alinijia siku moja akanambia, “Mama, ile ya Sultani Darai usiwape watoto mwisho wake. Paa apone tu. Mdogo atalia.”

Sultani Darai, kwa wasioijua, ni hadithi ya masikini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Akaokota thumni moja, akanunulia paa. Paa huyo alikuwa na akili kuliko mawaziri: akamwozesha masikini yule binti wa sultani, akamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba na mali ya nyoka. Kisha paa akaugua. Akapeleka salamu kwa bwana wake kuwa hali yake ni mbaya. Na yule bwana, ambaye jana alikuwa jaani, akasema apewe uji wa mtama mbaya, kwani paa ni nini? Alinunuliwa kwa thumni. Mke wake akamsihi, hakusikia. Paa akafa kwa uchungu wa moyo, akatupwa kisimani. Na usiku ule bwana akalala katika kitanda chake, akaamka yuko jaani anachakura kama zamani.

Nilimwambia binti yangu, “Mwanangu, mdogo akilia, mwache alie. Anamlilia aliyedhulumiwa. Utamtoa machozi hayo umtilie nini badala yake?”

MIEZI MITATU YA KIZA

Na kwa nini nina yakini hivyo, nitawahadithieni jambo.

Mnakumbuka, walio Unguja, kwamba kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa chetu kizima kilikaa bila ya umeme, kwa hitilafu iliyotokea katika njia ya umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Miezi mitatu! Friji zikawa makabati ya nguo, pampu za maji zikasimama, watu wakarudi visimani na ndoo kichwani. Ilikuwa dhiki, sisemi kuwa ilikuwa raha. Wenye maduka na wavuvi wenye samaki wa kuoza wanajua walichokipoteza. Lakini televisheni zilinyamaza, na watoto wa mtaa wakaanza kukusanyika barazani kwangu baada ya Magharibi, kwanza watano, kisha kumi na watano, na kandili moja katikati.

Katika usiku mmoja huo nilisimulia Sultani Darai. Nikaufikisha mwisho wake kama nilivyoupokea. Watoto wakanyamaza. Kisha mtoto mmoja wa kike, si wangu, wa nyumba nyingine mtaani, akasema kwa sauti ndogo, “Bibi, na bibi yetu sisi anapewa uji wa baridi. Naye atakufa?”

Nikamwambia, “Mwombee bibi yako, mwanangu. Na kesho nitakuja kumwangalia.” Nikaingia katika ngano nyingine ya kuchekesha upesi, ili asipate mtu mzima wa kulichukua neno la mtoto akalipeleka mbio mtaani. Sitara ya nyumba ya Muislamu ni amana.

Asubuhi nilipika uji mzito wa mchele kwa tui, nikaufunika, nikaenda. Nikamkuta bibi mwenyewe ukumbini, kitandani, mifupa mitupu. Nikamlisha. Sikusema neno la lawama kwa mtu yeyote mule ndani. Niliwaambia tu kuwa nimemkumbuka rafiki yangu na kwamba nitakuja tena kesho. Nikaenda siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne nilikuta bibi amekwisha kulishwa, na shuka zimebadilishwa, na mkamwana wa nyumba hakuweza kunitazama usoni. Nikamshika mkono, tukazungumza habari za kuni na mafuta ya taa. Bibi yule ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na wenyewe wamekwisha kuhama mtaa ule zamani.

Sasa niambieni, ndugu zangu: lau paa yule ningempozesha, mtoto angesema nini? Angecheka na kwenda kulala, na uji wa baridi ungeendelea. Hotuba za kuwatendea wema wazee tunazisikia kila Ijumaa, na ni haki, na pengine wenye nyumba ile walizisikia pia. Lakini mtoto wa miaka saba hapewi nafasi ya kuuliza swali katika hotuba. Katika ngano anayo.

SUNGURA, NA KESI YA MWALIMU GOSO

Yapo malalamiko mengine yenye uzito. Mwalimu mmoja wa chuo, kijana wa dini na adabu, aliniambia, “Mama, mimi sina ugomvi na paa. Mimi namuogopa sungura. Sungura ni mwongo na mwizi, na watoto wanampenda.”

Nikamwambia, “Maalim, umesema kweli, na ndiyo maana ngano hairushwi ikaachwa, lazima ikishakwisha ihukumiwe.”

Sungura wako wawili. Yuko anayemhadaa simba aliyetaka kumla, na huyo ni mnyonge anayejiokoa. Na yuko anayekula asali ya watu kisha akamsingizia fisi, na huyo ni mwizi. Wote wawili wanachekesha. Mimi nikimaliza huwauliza watoto swali moja tu: “Haki iko wapi?” Wala siwajibii. Hali ni hiyo hiyo katika habari za Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema sufuria yako imezaa. Mwenyewe akafurahi akapokea. Mara ya pili akasema sufuria yako imekufa. Mwenyewe akapiga kelele: sufuria hufaje? Watoto wangu wamegombana mwezi mzima juu ya kesi hii. Wakubwa husema ni haki yake, aliyekubali uzazi na akubali mauti. Wadogo husema Abunuwasi arudishe sufuria. Mimi nawapenda wote wawili.

Lakini kesi iliyonifurahisha kuliko zote ni ya mwalimu Goso. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda juu kuiba mabuyu, buyu moja likaanguka likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi wake wakaapa kumtafuta muuaji. Wakaikamata kusi, kwani ndiyo iliyovuma. Kusi ikasema mimi ningekuwa na nguvu ningezuiwa na kiambaza? Wakakipiga kiambaza, nacho kikasema ningekuwa na nguvu ningetobolewa na panya? Ndivyo mambo yakaenda, kwa paka, kwa kamba, kwa kisu, kwa moto, kwa maji, kwa ng'ombe, kila mmoja anamtaja aliye mshinda, mpaka wakafika kwa paa. Paa hakuwa na la kusema, wakamuua.

Watoto wadogo huipenda kwa ule mfululizo wake, nao ni mazoezi mazuri ya kuhifadhi. Mtoto anayeweza kuurudia wote bila ya kuruka, ulimi wake na kumbukumbu yake vimekwisha kulainika kwa Juzuu Amma. Lakini usiku mmoja wa kiza kile nilipouliza haki iko wapi, mvulana alisema paa amestahili, kwa kuwa aliiba. Mwingine akasema hakukusudia kuua. Kisha msichana mdogo akasema, “Mbona paa hawakumuuliza? Wote wameulizwa, yeye akanyamaza, wakamuua. Pengine alikuwa anaogopa.”

Ndugu zangu, Mtume alipompeleka Sayyidna Ali Yaman kuwa kadhi, alimuusia asihukumu mpaka amsikilize na wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza. Mtoto yule hakuwa amesomeshwa hayo. Aliyafikia mwenyewe, mkekani, kwa ngano ya mabuyu. Nilipomsimulia wasia ule kesho yake chuoni, aliupokea kama mtu aliyeletewa barua yake mwenyewe.

ZIMWI LA KUTISHIA

Jambo moja nalikataza kabisa, na hapa niko pamoja na hao wanaoogopa dhambi, tena mbele yao.

Zimwi la ndani ya ngano halina ubaya. Yule msichana aliyesahau kombe lake pwani akarudi peke yake jioni, zimwi likamtia ndani ya ngoma likamtembeza likimwimbisha, mpaka wazazi wake wakaijua sauti yake: hiyo ni hofu yenye mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mtoto huogopa akiwa amejibanza kwa bibi yake, kisha msichana huokolewa, naye hulala salama.

Lakini kumwambia mtoto asiyetaka kula, “Usipokula, zimwi liko nje linakuja kukuchukua,” hiyo si ngano. Hapana Paukwa hapo. Mtoto hakuridhia kuingia, wala hana mlango wa kutokea. Anaamini, na usiku atalala na hofu hiyo peke yake. Huo ndio ule uongo wa tende, bali ni mbaya zaidi, maana yule mama angekosa kumpa mwanawe tamu, na huyu amempa chungu. Wapo wazazi wanaokataza ngano kwa kuwa ni uongo, na jioni hiyo hiyo wanamtishia mtoto kwa zimwi ili alale. Na wajipime.

KUZIWEKA NA KUZITOA

Hadithi hizi nyingi nilizozitaja, Sultani Darai na Goso na punda wa dobi, zimo kitabuni. Padri wa Kiingereza, Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alizikusanya kwa watu wa hapa akazichapisha London mwaka 1870. Hakuwa mwenzetu katika dini, lakini kazi ile aliifanya kwa uangalifu, na mwenye kutenda jema hushukuriwa. Hata hivyo, kitabu hakijui kuwa mtoto amesinzia, wala hakisikii akiuliza kama papa ndiye wa Nabii Yunus. Kazi hiyo ni ya mdomo na sikio.

Basi wazazi wenzangu, nawausia machache. Kwa mtoto mdogo, ngano iwe fupi na yenye neno la kurudiarudia, apate kuitikia. Usiibadili kila usiku. Mtoto hupenda aijuayo, na ukikosea atakusahihisha, na kukusahihisha ndiko kusoma kwake. Usiimalizie kwa mahubiri; uliza swali, kisha nyamaza, hata kama kunyamaza ni kugumu. Usiutoe ubaya wote, wala usiuache bila ya hukumu. Tenganisha milango: Bismillahi kwa kisa, Paukwa kwa ngano. Na aliye na bibi au shangazi mzee nyumbani, simu hizo hizo zinazowanyamazisha watoto zinaweza kuinasa sauti yake. Mwombe asimulie, muwekee simu karibu, wala usimkatize. Sauti ile haitapatikana dukani.

Adhana ya Magharibi ya leo ikilia, mkishaswali, msikimbilie kuwasha chochote. Tandikeni mkeka. Mpaka Isha kuna nusu saa na zaidi, na inatosha kwa kima na papa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye kujua kweli na kuipenda, na wazee wenye kusikilizwa. Wabillahi taufiki.